Ndege za Majini: Kutua Ni Rahisi, Kuruka Ni Hesabu

Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ilianza kutumia ndege kubwa za majini katika safari za kati ya Uingereza na Durban, nazo zilitua Kisumu, katika Ziwa la Victoria. Ndege za namna hiyo zilitua pia katika Ziwa la Naivasha. Mtu akitazama ziwa pana aweza kudhani kuwa nafasi haihitaji kupimwa. Sivyo. Rubani hana budi kuikadiria, tena kabla ya kutua.

Sababu ni hii. Ndege ikitua, maji yenyewe huizuia, ikasimama upesi. Lakini ikitaka kuruka, maji hayo hayo huwa adui yake. Mwanzoni tumbo lake limezama, nayo husukuma maji mengi. Mwendo ukizidi huinuka, ikateleza juu ya maji mfano wa jiwe bapa lirushwalo na mtoto. Kwa hiyo ndege yaweza kutua salama katika ziwa dogo, isiweze kuondoka.

Mambo matatu hupimwa. Kwanza, upepo. Ndege inayoruka kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, ikikabili upepo wa maili 12, yahitaji mwendo wa maili 48 tu juu ya maji. Zidisha 48 kwa 48, kisha gawanya kwa 60 mara 60. Kwa makadirio hayo, iliyohitaji futi 2,000 itahitaji karibu futi 1,280.

Pili, kimo cha mahali. Kisumu iko karibu futi 3,700 juu ya bahari, na Naivasha zaidi ya futi 6,000. Huko hewa ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Basi ndege huhitaji mbio ndefu zaidi.

Tatu, uso wa maji. Viwimbi vidogo husaidia, bali mawimbi makubwa ni hatari. Maji matulivu kama kioo huing'ang'ania ndege. Tena wakati wa kutua humdanganya rubani asijue yuko juu kiasi gani. Hivyo hushuka polepole karibu na ufuko, apate kitu cha kutazama.

Baada ya hesabu, rubani mwenye busara huongeza nafasi ya akiba, kisha huchagua alama ufukoni, kama mti au mwamba. Akiifikia kabla ya kuruka, huacha mara moja, akapunguza mzigo au akangoja upepo. Kuchelewa si aibu. Tahadhari kabla ya hatari.