Sinema ya Malkia wa Katwe, na Hukumu za Walioiona

Vijana wengi wa sharika zetu wamekwisha kuiona sinema iitwayo Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe, iliyotolewa mwaka 2016. Tena wako waalimu wa Kipaimara wanaouliza, Je, yafaa kuonyeshwa watoto? Twajibu, Yafaa sana. Lakini kwanza na tutazame jinsi watu walivyoipokea.

Habari yenyewe ni ya kweli. Phiona Mutesi ni mtoto wa mjane wa Katwe, mtaa wa maskini katika mji wa Kampala, naye aliuza mahindi njiani. Siku moja alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo Robert Katende, mtumishi wa chama cha Kikristo, aliwafundisha watoto mchezo wa sataranji. Kilichomvuta ni uji uliogawiwa pale. Baadaye alikuwa bingwa, akaichezea nchi yake katika mashindano ya mataifa, huko Urusi mwaka 2010 na Uturuki mwaka 2012. Sinema iliongozwa na Mira Nair, mzaliwa wa India aliyekaa Kampala miaka mingi. Madina Nalwanga aliigiza kama Phiona, Lupita Nyong'o kama Nakku Harriet mama yake, na David Oyelowo kama Katende.

Wahakiki wa magazeti ya ng'ambo waliisifu, karibu wote. Wengi walipendezwa kwamba hapa hapana mgeni ajaye kutoka mbali kuwaokoa Waafrika. Anayemwinua mtoto ni jirani yake. Wachache walinung'unika kuwa njia ya hadithi yajulikana tangu mwanzo: maskini ataanguka, kisha atainuka. Sisi hatuoni kosa hapo. Habari za Daudi aliyeitwa kutoka kwa kondoo twajua mwisho wake, na kila mwaka twazisoma tena. Nao watazamaji wa Marekani walipoulizwa waliipa alama ya juu kabisa. Hata hivyo waliokwenda kuiona hawakuwa wengi: sinema iligharimu dola milioni 15, na viingilio vya dunia nzima havikufika milioni 11. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Jambo lasifiwa na wote, wala halinunuliwi.

Huku kwetu Mgeta haihitaji mfasiri mkubwa. Mama ashukaye na mzigo wa kabichi au njegere mpaka sokoni Nyandira, akingoja bei ya wenye magari, humtambua Nakku mara moja. Amwonapo akiuza nguo yake ya thamani ili apate mafuta ya taa, binti asome usiku, hanung'uniki kwamba aijua njia ya hadithi. Na Waluguru, ambao ardhi kwao hufuata ukoo wa mama, wataona uchungu mkubwa pale mjane anapotolewa chumbani pamoja na watoto wake.

Hatari iko mahali pengine, wala wahakiki hawakuitaja sana. Watazamaji hushangilia mshindi, kisha huenda nyumbani wakisema, Mtoto akijitahidi, Mungu atampa taji. Je, tumwambie nini mtoto aliyejitahidi akashindwa mtihani wa darasa la saba, naye sasa analima karoti na baba yake? Tukimwonyesha sinema hii kama ahadi, tutamjeruhi. Wakati huo uji wa Katende uligawiwa kila mtoto aliyekuja, mwenye akili ya mchezo na asiye nayo. Katende mwenyewe alikuwa amesomea uhandisi, na katika sinema twamwona akikataa kazi ya mshahara mzuri ili abaki nao.

Tena yuko Gloria, mtoto mdogo, anayemweleza Phiona kwamba kipande kilicho kidogo kuliko vyote, kikivuka ubao mzima, chaweza kugeuka malkia. Aliyemwigiza ni Nikita Pearl Waligwa. Huyu alipatwa na uvimbe katika ubongo, akatibiwa, akarudi shuleni; ugonjwa ukamrudia, akafariki mwezi wa Februari mwaka 2020, mwenye umri wa miaka 15. Waganda walimlilia sana. Hakuvuka ubao kwa namna watazamaji wapendavyo, nasi hatuthubutu kusema kwamba hakujitahidi.

Basi, waalimu, sinema hii ni ya dakika 124, na maneno yake ni ya Kiingereza. Igaweni kwa jioni mbili, na mmoja wenu aeleze kwa Kiswahili. Jioni ya kwanza simamisheni pale Phiona anaposhindwa Urusi na kulia. Waacheni watoto waseme wenyewe, Je, mtoto huyu sasa ana thamani gani? Msiwajibie upesi. Soma la kufuatana nayo ni 1 Samweli 16, na wasomaji watangulie kuisoma nyumbani.