Kisukari kwa Mbwa na Paka: Jinsi ya Kutoa Insulini Nyumbani kwa Usalama

Wakazi wengi wanaujua ugonjwa wa kisukari kwa binadamu. Wachache wanafahamu kwamba mbwa na paka pia huugua kisukari, na kwamba wanaweza kuishi miaka mingi wakitibiwa vizuri nyumbani. Dawa yenyewe ni ile ile ya insulini, ila haitolewi kwa kubahatisha. Makosa madogo ya kipimo, ya sindano au ya saa za chakula yanaweza kumuua mnyama kwa siku moja.

Somo hili linaeleza mambo ambayo kila mwenye mbwa au paka wa kisukari anapaswa kuyajua. Haliondoi haja ya kumwona daktari wa mifugo, kwa kuwa ni yeye pekee anayepanga aina ya insulini na kiasi chake.

Dalili za ugonjwa

Insulini hutengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyo kwenye damu kuingia katika chembe za mwili. Ikikosekana au isipofanya kazi, sukari hujaa katika damu na kutoka kwa mkojo, huku mwili ukikaa na njaa. Ndiyo maana mnyama mwenye kisukari hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara, hula sana na bado hukonda. Mbwa wengi hupata mtoto wa jicho na kupofuka. Baadhi ya paka hudhoofika miguu ya nyuma hadi wakatembea kwa kisigino.

Daktari huthibitisha ugonjwa kwa kupima damu na mkojo. Karibu kila mbwa mwenye kisukari huhitaji insulini maisha yake yote. Paka wengine, wakianza matibabu mapema na kulishwa chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo, hufika wakati wakaacha kuihitaji. Uamuzi wa kuacha ni wa daktari.

Sindano na chupa lazima vilingane

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Insulini huuzwa kwa nguvu tofauti. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama huandikwa U-40, yaani yuniti 40 katika kila mililita moja. Insulini nyingi za binadamu huandikwa U-100, yaani yuniti 100 katika mililita hiyo hiyo. Kila moja ina sindano yake, na alama zilizochorwa kwenye sindano hiyo ni za nguvu hiyo tu.

Chukua mfano wa boma ambalo nyanya ana kisukari na mbwa pia anacho. Chupa mbili ziko kwenye friji moja na sindano ziko kwenye droo moja. Mbwa ameandikiwa yuniti 8 za insulini ya U-40. Kijana anayemhudumia anachukua chupa ya nyanya kimakosa na kuvuta hadi alama ya 8 kwa sindano ya U-40. Atakuwa amevuta yuniti 20, mara mbili na nusu ya kipimo. Akikosea upande mwingine, achukue dawa ya mbwa kwa sindano ya nyanya, alama ya 8 itampa mbwa yuniti 3 na kidogo tu, na sukari itaendelea kupanda. Mkosi huo unaweza kumpata nyanya vilevile.

Kinga yake ni rahisi. Dawa na sindano za mnyama ziwekwe kwenye mkebe wao wenye jina la mnyama, mbali na za mtu. Kabla ya kuvuta dawa, soma namba kwenye chupa, kisha usome namba kwenye sindano. Zisipofanana, usidunge. Ikiwa sindano za U-40 hazipatikani katika duka la dawa lililo karibu, mwambie daktari ili aangalie uwezekano wa kubadilisha aina ya insulini. Usipige hesabu zako mwenyewe.

Kutunza dawa

Insulini huwekwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka. Isiachwe juani wala ndani ya gari. Nyumba isiyo na friji imweleze daktari tangu mwanzo. Kuna insulini zinazovumilia joto la kawaida la chumba kwa muda, na mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa maji kwa nje husaidia kupunguza joto. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na ufuate siku za matumizi zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Dawa iliyoshikana vibonge, au iliyokuwa angavu ikageuka rangi, isitumike.

Hatua za kudunga

Wanyama wengi hupewa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, kwa mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni.

1. Mpe mnyama chakula kwanza na uhakikishe amekula. Chakula kiwe cha aina ile ile na kiasi kile kile kila siku. Mandazi, biskuti na chai ya sukari vikomeshwe.
2. Changanya dawa jinsi karatasi yake inavyoelekeza. Nyingi za rangi ya maziwa huviringishwa taratibu kati ya viganja.
3. Vuta kipimo na uondoe mapovu ya hewa.
4. Inua ngozi ya ubavuni au nyuma ya bega, dunga chini ya mkunjo huo, kisha sukuma dawa yote. Badilisha mahali kila mara.
5. Andika kwenye daftari saa, kipimo na kiasi cha chakula.

Mnyama akikataa kula au akitapika, usimpe kipimo kamili. Mpigie daktari kwanza. Sindano ikitoka na dawa ikamwagikia manyoya, usirudie. Ukisahau kipimo kimoja, usitoe viwili kwa pamoja baadaye. Kukosa kipimo kimoja kuna madhara machache kuliko kuzidisha.

Sukari ikishuka

Mnyama aliyezidiwa na insulini hulegea, hutetemeka, huyumba kama mlevi, huonekana amechanganyikiwa, na mwishowe hupata degedege au kuzimia. Usisubiri. Mpake asali au maji mazito ya sukari au glukosi kwenye fizi: kijiko kimoja cha chai kwa paka au mbwa mdogo, kijiko cha mezani kwa mbwa mkubwa. Usimmiminie mdomoni mnyama asiyejitambua, kwani atapaliwa, wala usiingize vidole kati ya meno yake. Akizinduka, mpe chakula, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Dalili zinaweza kurudi.

Kwa upande mwingine, mnyama anayetapika, aliyekataa chakula, aliyenyong'onyea na mwenye pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana huenda sukari yake imepanda kupita kiasi. Hiyo pia ni dharura.

Mambo mengine ya kuzingatia

Joto la uzazi huzuia insulini kufanya kazi, hivyo mbwa jike mwenye kisukari hushauriwa afungwe kizazi. Sindano zilizotumika zitiwe moja kwa moja kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kupelekwa kliniki. Zikitupwa jaani zitawadunga watoto na waokota taka.

Huduma za mifugo na ustawi wa wanyama ni miongoni mwa majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti. Wakazi wanahimizwa kufika katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nao, na kuhakikisha kwamba anayemtibu mnyama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Waende na daftari la mnyama. Kurasa chache za saa, chakula na kipimo humsaidia daktari kurekebisha dawa kabla madhara hayajatokea.