Dondoo muhimu: Amplifaya ya lampu, mpya au ya mtumba?

Amplifaya ya lampu, yaani ile inayokuza sauti ya gitaa kwa mirija ya kioo isiyo na hewa badala ya transista, ikaguliwe umeme wake kwanza, kwa kuwa mitumba ya Marekani huundwa kwa volti 120 na ya Japani kwa volti 100, ilhali soketi za Butembo na Beni, mashariki mwa DRC, ni za volti 220. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya bei kutajwa. Transfoma iliyokusudiwa mizunguko 60 tu kwa sekunde huweza kupata joto mno kwenye umeme wa mizunguko 50, hata volti zikishapunguzwa.

Lampu zilizochoka si kasoro kubwa, maana hubadilishwa, ingawa huagizwa mbali. Kinachostahili shaka ni kapasita, vihifadhi vya chaji ambavyo hukauka baada ya miaka 20 au 30 na kuleta mvumo mzito hata gitaa likiwa halijachomekwa. Mnunuzi aiwashe nusu saa nzima, asikilize. Kamwe asiifungue mwenyewe, kwani volti 400 au zaidi huweza kubaki ndani hata plagi ikichomolewa.

Mpya huja na dhamana, lakini dhamana ya duka la Kampala au Dubai haimfai sana mtu aliyekwisha kuvuka mpaka wa Kasindi. Ndiyo maana ya mtumba, ikishakaguliwa na fundi wa mjini, mara nyingi ni chaguo la busara zaidi, mradi lampu zing'olewe na kuviringishwa kwa nguo kabla ya kusafirishwa katika barabara zenye mashimo.