Mtoto Asiyetulia na Mzazi Aliyefanana Naye



Katika darasa zetu tumeulizwa zaidi ya mara moja suala hili: Mtoto hatulii chuoni wala skuli. Akitumwa husahau njiani. Akisemeshwa huwa kama hakusikia. Kitabu chake hupotea kila wiki. Ameonywa, amepigwa, amesomewa, na hali ni ile ile. Je, huyu ni muasi? Ana pepo? Au ni mamake aliyemdekeza? Kwa kuwa jambo hili limeingia nyumba nyingi, tumeona yatupasa kulijibu kwa urefu kidogo.

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa huenda mtoto huyo asiwe muasi wala mwenye pepo, bali ana hali ijulikanayo na matabibu kwa herufi ADHD, nayo ni udhaifu wa kudumisha makini, pamoja na wingi wa harakati na pupa ya kutenda kabla ya kufikiri. Na huenda baba au mama amfokeaye naye anayo hali hiyo hiyo, wala hajijui.

Hali yenyewe

Jambo hili si uzushi wa siku hizi. Alexander Crichton, tabibu Mskochi, aliandika mwaka 1798 juu ya watu wasioweza kuyatuliza mawazo yao juu ya kitu kimoja. Na mwaka 1902 tabibu wa watoto George Still alitoa darasa tatu mjini London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hawawezi kujizuia. Leo yakadiriwa kuwa katika kila watoto 100 duniani, kiasi cha 5 wanayo. Wala kwa wengi haiishi kwa kubaleghe. Kurukaruka hupungua, na husalia usahaulifu, kuchelewa, hasira za ghafla, na kuanza kazi nyingi bila ya kuzimaliza.

Kila mtoto hucheza na kila mtoto husahau, basi tusikimbilie kumbandika kila mmoja jina hili. Matabibu wana vipimo: dalili ziwe nyingi, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na skuli, na ziwe zamdhuru katika masomo au maisha yake. Tena wako, khasa miongoni mwa wasichana, ambao hawaruki wala hawapigi kelele. Hukaa kimya wakitazama dirishani, na darasa likapita. Hao ndio wasahauliwao.

Ama sababu yake, uchunguzi uliofanywa juu ya mapacha umeonyesha kuwa urithi una sehemu kubwa mno: katika tofauti zilizoko baina ya watu kwa jambo hili, kiasi cha asilimia 70 hadi 80 zahusiana na urithi, karibu na urithi wa kimo cha mwili. Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na neno hilo ni kweli katika adabu. Lakini hakuna malezi yamfanyayo mfupi kuwa mrefu. Basi amwambiaye mama kuwa yeye ndiye aliyemharibu mtoto kwa kumdekeza, amemdhulumu, na dhulma ni giza.

Juu ya pepo

Hatukanushi kuweko kwa majini. Hilo ni katika imani yetu. Lakini kuamini kuwa wako ni jambo moja, na kumtuhumu jini kwa kila tusilolifahamu ni jambo jingine lisilo na dalili. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, wala hakutuamrisha kwenda kwa mpiga ramli. Wako wazazi watoao fedha ya ada ya skuli wakanunua kuku wa mganga, wakamvika mtoto hirizi, na mwaka ukapita mtoto yuko pale pale, ila sasa na yeye mwenyewe ameamini kuwa ana shetani. Dua twaiomba na Kurani twaisoma, wala hayo hayamzuilii mtu kwenda kwa tabibu.

Juu ya fimbo

Wako watoao hoja ya Hadithi iliyopokewa juu ya kumwamrisha mtoto Sala afikapo miaka 7, na kumpiga kwa kuiacha afikapo miaka 10. Twasema: Hadithi hiyo yahusu Sala, si kupoteza kalamu, na imetanguliza miaka 3 mizima ya mafundisho. Tena Maulamaa wameweka masharti: pigo lisijeruhi, lisiwe la usoni, na liwe lenye kufaa. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameeleza kuwa mtoto ambaye hatengenezwi ila kwa pigo kali, haijuzu kumpiga pigo hilo. Na pigo jepesi nalo ruhusa yake yaondoka, kwa kuwa liliruhusiwa kwa ajili ya faida, na faida haiko. Na Ibn Khaldun katika Mukaddima yake ameonya kuwa ukali juu ya wanafunzi huwafunza uongo na hila. Juu ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zimekataza viboko mashuleni.

Na tumtazame Mtume wetu (s.a.w.). Imamu Muslim amepokea kwa Anas bin Malik kuwa, alipokuwa mtoto akimtumikia Mtume, siku moja alitumwa. Akasema kwa ulimi wake kuwa hendi, na moyoni alikusudia kwenda. Akatoka, akawapitia watoto wakicheza sokoni. Mara Mtume akamshika kisogo kwa nyuma. Anas akageuka, akamwona anacheka. Akamwita kwa jina lake la kubembeleza, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kuwa ndiyo aenda.

Hatusemi kuwa Anas alikuwa na hali hii. Twasema: tazama jinsi alivyokumbushwa. Mtume hakumpigia ukelele kutoka mbali. Alimjia karibu, akamgusa, akamwita kwa jina lake, akamkumbusha agizo lile lile kwa uso wa furaha. Na hayo ndiyo matabibu wa leo wawafundishayo wazazi.

Juu ya mzazi

Hapa ndipo penye shida kubwa, na watu hawapatazami. Baba husahau siku ya kodi, hupoteza funguo, huchelewa kazini, ameacha biashara tatu katikati. Kisha humpiga mwanawe kwa kupoteza kitabu. Ama mama ambaye vyungu vyaungua kwa kusahau, huambiwa apange saa za mtoto, na yeye zake zimemshinda. Nasaha ikiwa haitimizwi, mtoto hulaumiwa, kisha mke, kisha ndoa yenyewe hutikisika. Kwa hivyo mtoto akipatikana kuwa na hali hii, na mzazi akaziona dalili zile zile katika nafsi yake tangu utoto, naye apimwe. Si aibu. Mzazi akitibiwa, mtoto hupata mtu wa kumshika mkono.

Na mume asimwambie mkewe, wala mke mumewe, kuwa wewe hujali, ilhali ni kusahau. Wala ugonjwa usigeuzwe tusi siku ya ugomvi. Lakini kadhalika usigeuzwe kisingizio: matumizi ya nyumba, deni na ahadi ni wajibu vile vile, kuijua hali yako ni kwa ajili ya kutafuta njia ya kuutimiza, si ya kuukimbia.

Yafaayo kufanywa

Kwanza, mtoto apimwe macho na masikio, kwani asiyesikia vyema huonekana kama hasikizi. Kisha apelekwe hospitali kwa tabibu wa watoto au wa maradhi ya akili. Viko pia vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto katika masomo. Mwalimu mkuu aulizwe kilicho karibu.

Pili, apewe agizo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa ulimi wake. Akilitimiza, asifiwe papo hapo, si mwisho wa wiki.

Tatu, kanzu, kofia, juzuu na mkoba viwe na mahali pamoja, karibu na mlango, kila usiku.

Nne, siku ifungwe juu ya nyakati za Sala, ambazo Mwenyezi Mungu ametupa na mwadhini hutukumbusha. Kazi ya skuli iwe baada ya Alasiri, mkoba utengenezwe baada ya Magharibi, kulala baada ya Isha. Baba naye ahesabu madeni yake kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Utaratibu huu wamfaa mtoto na mzazi pamoja.

Tano, mwalimu wa chuo amkalishe mbele, ampe aya chache kwa mara, na amtume maji au chaki apate kunyoosha miguu.

Sita, dawa. Iko methilifenideti, iliyotengenezwa kwanza Uswisi mwaka 1944, na nyinginezo. Huwasaidia wengi, nayo yaweza kupunguza hamu ya chakula na usingizi. Haitumiwi ila kwa cheti cha tabibu, wala hapewi mtu mwingine. Kwa watoto wa chini ya miaka 6, huanzwa kwa kuwafundisha wazazi. Na kwa mtu mzima mwenye kufunga Ramadhani, zipo aina zinywewazo mara moja kwa siku. Amuulize tabibu wake mapema kama yamfaa kuinywa wakati wa daku.

Saba, jamaa. Nyanya, shangazi na mjomba wasije kwa lawama tu. Wamchukue mtoto jioni moja kwa wiki, mamake apumzike. Hiyo ni sadaka na kuunga udugu.

Enyi ndugu zetu, mtoto huyu ni amana, na siku ya Kiyama tutaulizwa juu yake. Hatutaulizwa kwa nini hakutulia. Tutaulizwa tulimfanyia nini alipokuwa hawezi kutulia.

Wabillahi taufiki.