Mbwa Jike Nyumbani: Andika Tarehe, Linda Kizazi Chake

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hujua siku ambayo ng'ombe wake alipandwa. Imeandikwa kwenye kadi, na kutokana nayo anajua mwezi wa kutarajia ndama. Mbwa jike anayelinda boma hilo hilo kwa kawaida hana kumbukumbu yoyote. Siku moja anaonekana ana tumbo, na wiki chache baadaye kuna watoto sita chini ya ghala na hakuna aliyejiandaa kuwatunza.

Somo hili ni la wafugaji wa mbwa katika Wodi ya Ndithini, Kaunti Ndogo ya Masinga, na kwingineko Machakos. Linaonyesha jinsi kalamu na kalenda ya ukutani zinavyoweza kuokoa maisha ya mbwa jike na kupunguza hatari ya kichaa cha mbwa kijijini.

Kwa nini jambo hili lituhusu sote

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Lakini kazi ya kwanza hufanyika nyumbani, mikononi mwa mwenye mbwa.

Machakos ina historia katika suala hili. Watafiti waliochunguza mbwa wa iliyokuwa Wilaya ya Machakos, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, walikuta idadi ya mbwa ikiongezeka kwa takriban asilimia 9 kwa mwaka. Tangu kuzaliwa, dume aliweza kutarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4 pekee. Kwa maneno mengine, mbwa wengi walizaliwa, wengi wakafa mapema, na nafasi zao zikachukuliwa na watoto wapya ambao hawajachanjwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ili kuzuia kichaa cha mbwa kuenea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Kila kundi la watoto waliotupwa sokoni au kando ya barabara linarudisha hesabu hiyo nyuma. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Joto la mbwa jike

Majike wengi huingia kwenye joto mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12. Mbwa wa miili mikubwa wanaweza kuchelewa zaidi. Baada ya hapo joto hurudi takriban kila miezi 6.

Joto huchukua kama wiki tatu. Katika siku 9 hivi za kwanza, sehemu ya uke huvimba na damu hutoka. Madume humfuata, lakini yeye huwafukuza. Kisha damu hupauka, na jike husimama na kusogeza mkia pembeni. Hizi ndizo siku za kushika mimba. Mfugaji anayemfungulia mbwa kwa sababu "damu imekwisha" humwachilia katika siku zenye hatari zaidi.

Kama hutaki azae, mfungie ndani ya banda lenye mlango imara kwa wiki zote tatu. Kumfunga kwa kamba uani hakutoshi, kwa kuwa madume humfuata pale pale. Tena jike anaweza kupandwa na madume kadhaa, na watoto wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti.

Tarehe tatu za kuandika

Andika siku damu ilipoanza, siku alipopandwa kama ulimwona, na siku joto lilipokwisha.

Tuseme damu ilianza tarehe 3 Machi, akapandwa tarehe 13 Machi, na joto likaisha tarehe 24 Machi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, kwa hiyo tarajia watoto karibu na tarehe 15 Mei. Joto linalofuata litarajie mwezi wa Septemba. Tarehe hizo pia zitakusaidia kutambua magonjwa mawili yanayofanana na joto la kawaida.

Damu isiyokoma

Ikiwa damu inaendelea kutoka baada ya wiki tatu, au inatoka wakati usio wa joto, usiseme ni joto refu. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, kunusana au kulambana. Huonekana kama nyama laini inayofanana na koliflawa, inayotoa damu kwa urahisi, kwenye sehemu za siri na wakati mwingine puani au mdomoni. Ni wa kawaida mahali ambapo mbwa huzurura. Ukigunduliwa mapema, hutibika kwa sindano maalumu zinazotolewa na daktari wa mifugo kila wiki kwa wiki kadhaa. Usiukate wala kuuchoma nyumbani.

Kizazi kujaa usaha

Ugonjwa wa pili ni hatari zaidi. Katika wiki chache baada ya joto, kwa kawaida ndani ya miezi miwili, bakteria wanaweza kuzaliana ndani ya mfuko wa uzazi na kuujaza usaha. Jike mwenye umri mkubwa yuko hatarini zaidi, lakini kijana pia huupata.

Dalili zake ni kunywa maji mengi kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara, kukataa chakula, kutapika, unyonge na tumbo kuvimba. Usaha wenye harufu unaweza kutoka ukeni. Usipotoka, hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu umefungiwa ndani. Katika mfano wetu, mfugaji angekuwa macho kuanzia mapema Aprili hadi mwishoni mwa Mei. Hii ni dharura: mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa kizazi, na kuchelewa kunaweza kumuua.

Sindano za binadamu si za mbwa

Wapo wanaomdunga mbwa sindano ya kupanga uzazi ya binadamu ili asishike mimba. Homoni hizo huongeza uwezekano wa kizazi kujaa usaha na wa uvimbe kwenye matiti. Sindano inayoonekana rahisi leo inaweza kuleta upasuaji wa dharura kesho.

Kufunga kizazi

Kwa mfugaji asiyetaka watoto, njia ya kudumu ni upasuaji wa kuondoa ovari na mfuko wa uzazi. Jike aliyefanyiwa hawezi kupata mimba, na mfuko wake hauwezi tena kujaa usaha. Ukifanywa kabla ya joto la kwanza, hupunguza sana hatari ya saratani ya matiti. Si kweli kwamba lazima azae mara moja kwanza, wala hataacha kulinda boma.

Upasuaji huu ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Uliza gharama mapema. Majirani wanaweza kumwita daktari kwa siku moja na kugawana gharama ya safari. Kwa kawaida daktari hupendelea kusubiri miezi miwili au mitatu baada ya joto, kwa sababu wakati wa joto mishipa ya kizazi hujaa damu. Baada ya upasuaji, mweke mahali pakavu na safi, asilambe kidonda, hadi nyuzi zitolewe baada ya siku 10 hadi 14.

Madume nao wanaweza kuhasiwa. Dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki chache za mwanzo.

Ukiamua azae

Mpe chakula cha kutosha na mahali pakavu pasipo na kelele. Mwite daktari akisukuma kwa nguvu kwa zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au majimaji ya kijani yakitoka kabla ya mtoto wa kwanza. Katika wiki za kunyonyesha, akitetemeka na kukakamaa, huenda amepungukiwa na kalsiamu. Hiyo pia ni dharura.

Wape watoto dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili kwa ushauri wa daktari. Wabaki na mama hadi wiki 8, na uwe umewatafutia wenyewe kabla ya siku hiyo. Wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa wakifika miezi 3, kisha chanjo irudiwe kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikifika mapema zaidi, wapeleke hata kama ni wadogo.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitalini mara moja. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Jipime

1. Mbwa wako alipandwa tarehe 1 Juni. Utaandaa mahali pa kuzalia kabla ya tarehe gani?
2. Damu imetoka kwa wiki tano. Utasubiri au utamwita daktari?
3. Mwezi mmoja baada ya joto, jike anakunywa maji mengi na hali. Utafanya nini?

Majibu: 1. Kabla ya Agosti kuanza, kwani siku 63 hufika tarehe 3 Agosti. 2. Mwite daktari. 3. Mwite daktari siku hiyo hiyo, na umweleze tarehe ulizoandika.