Nusu ya Nini? Kulinganisha Sehemu Katika Vipimo vya Dawa

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilituama Tabora, na wapagazi walipewa posho ya nafaka iliyopimwa kwa kibaba. Kibaba ni robo ya pishi. Hata hivyo, palikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele, kilichorundikwa hadi kufurika. Vyote viliitwa kibaba, lakini havikushibisha sawa. Jambo hilohilo hutokea leo kwenye dirisha la dawa: sehemu haieleweki mpaka ijulikane ni sehemu ya nini.

Sehemu huandikwa kwa namba mbili: ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Kiasi kikiwa kidogo kuliko asili, kama 3/4, hiyo ni sehemu halisi, nayo ni pungufu ya kitu kizima. Kiasi kikiizidi asili, kama 3/2, hiyo ni sehemu guni. Sehemu guni hiyo yaweza kuandikwa kama namba mchanganyiko, 1½; kama desimali, 1.5, au kama asilimia 150. Sura ni nne, thamani ni moja.

Ili kulinganisha sehemu zenye asili tofauti, asili zifanywe moja. Kwa mfano, 2/3 ni sawa na 8/12, na 3/4 ni sawa na 9/12; kwa hiyo 3/4 ndiyo kubwa. Kiasi kikiwa kilekile, asili inapokua sehemu hupungua: 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Mhudumu wa afya azingatie kanuni hii anaposoma uwiano. Adrenalini ya 1:1,000 ina miligramu 1 katika kila mililita. Ya 1:10,000 ina miligramu 0.1 tu. Namba ni kubwa zaidi, ilhali dawa ni hafifu mara kumi.

Tuchukue mtoto anayeharisha. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, na miligramu 20 kwa aliyefikisha miezi sita au zaidi. Kidonge kikiwa cha miligramu 20, mtoto mdogo hupewa nusu. Kikiwa cha miligramu 10, hupewa kizima. Mama aliyeambiwa "nusu" pekee, kisha akarudi kijijini Sikonge au Urambo, hana wa kumwuliza pale kidonge kinapobadilika.

Kwa hiyo, mhudumu aandike miligramu pamoja na idadi ya vidonge. Aandike 0.5, asiandike .5, maana nukta ikififia husomwa 5. Vivyo hivyo aandike 5, asiandike 5.0, isije ikasomwa 50. Juu ya bahasha ya dawa, neno "nusu" ni salama kuliko 1/2, ambayo kwa mwandiko wa haraka hufanana na 1×2.

Nawe mgonjwa au mzazi, pima dawa ya maji kwa kifaa kilichotolewa pamoja nayo. Kijiko cha jikoni kina mfuto wake na tele yake. Na kabla hujaondoka dirishani, uliza bila haya: nusu ya nini?