Madaftari ya jioni

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Namanyere. Mwalimu humtuma apeleke madaftari nyumbani kwake jioni. Siku hizi hataki kwenda shule. Nianzie wapi?

JIBU: Mama, anza kwa kumsikiliza mkiwa wawili, labda mkichambua maharage. Usimhoji kama askari. Mwambie kosa si lake. Akisema ameingiliwa, asioge wala nguo zisifuliwe. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Kisha nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni 116, bure. Tafadhali, msiyamalize mambo haya kwa kulipana ng'ombe. Hata kama hajaguswa, kesho asubuhi mweleze mkuu wa shule, na jioni asitumwe tena.